Paka Aliyeingiwa na Hofu: Mwongozo Kamili wa Kumrudishia Amani Nyumbani

Paka yuko uvunguni tangu mlipohamia Nyegezi kutoka Igoma, hapa hapa Mwanza. Au alikimbizwa na mbwa wa jirani, au radi ilipiga karibu na nyumba, au mlikuwa na msiba na watu wakajaa siku kadhaa. Wengi wenye paka wa namna hii hukosea mahali pale pale: humvuta kwa mguu, humkumbatia kwa nguvu "azoee", humzungusha sebuleni aone kwamba hakuna kitu. Kesho yake paka amehamia juu ya dari au nyuma ya friji, na sasa anawaogopa hata wao.

Paka hutulia anapoona kwamba yeye ndiye anayeamua lini asogee na lini arudi nyuma. Hatua zote hapa chini zinampa uamuzi huo. Ukiruka moja utalazimika kuanza upya, na safari ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza.

Kuhusu muda: aliyeshtuka kwa tukio moja kwa kawaida hurudi hali yake ndani ya siku 3 hadi 7. Aliyehamishwa nyumba huhitaji wiki 2 hadi 4. Aliyepigwa, au aliyewindwa na mbwa mara nyingi, anaweza kuchukua miezi.

Vitu vya kuandaa

Kusanya vyote kabla hujaanza. Kuingia na kutoka chumbani kutafuta kisu au bakuli ni usumbufu ule ule unaotaka kuuondoa.

- Chumba kimoja chenye mlango unaofungika. Kama mmepanga chumba kimoja tu, kona moja iliyozibwa kwa pazia zito.
- Maboksi 2 ya katoni, urefu wa sentimita 45 na upana wa 30 au zaidi. Ya mafuta ya kupikia yanafaa. Yaliyobeba sabuni au dawa ya wadudu hayafai, harufu haitoki.
- Beseni la choo, takribani sentimita 40 kwa 50, kina cha 10 hadi 15.
- Mchanga mkavu lita 10, unaotosha kujaza beseni hilo kina cha sentimita 5. Mchanga wa ujenzi uliochekechwa na kuanikwa juani unatosha. Maranda ya mbao nayo yanafaa, lakini pumba za mpunga zina vumbi linalowasha pua.
- Bakuli 2 pana na fupi, moja ya maji na moja ya chakula.
- Blanketi au kitambaa alichozoea kulalia, kisichofuliwa.
- Kanga au fulana uliyovaa siku nzima, nayo isifuliwe.
- Soksi safi ya pamba.
- Dagaa wakavu wasio na chumvi, robo kilo. Nyongeza: minofu ya sato au sangara.
- Fito ya sentimita 60, uzi wa mita 1 na unyoya wa kuku.
- Siki nyeupe na sabuni ya unga.
- Kikapu chenye kifuniko au kreti ya kumbebea.
- Daftari na kalamu.

Vipo vitu watu hununua kwa nia njema, navyo vinaua. Dawa ya viroboto au kupe ya mbwa yenye pemethrini ni sumu kwa paka, hata akipakwa mgongoni tu. Mafuta ya mikaratusi, kafuri na ile mipira myeupe ya kufukuza nondo kabatini ni hatari vilevile. Udi na ubani haviwekwi katika chumba cha paka mwenye hofu, kwa sababu moshi unamwasha na kufunika harufu anazozitegemea.

Hatua ya 1: Hakikisha si maumivu

Paka anayeumwa hujificha kama paka mwenye hofu, na tofauti hiyo ikikupita unaweza kumpoteza. Kwa hiyo anza na uchunguzi wa macho, bila kumgusa.

Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kifua kikipanda na kushuka mara 20 hadi 30, ni sawa. Kikizidi 40 akiwa amelala, au akihema mdomo wazi, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja.

Angalia mkojo. Dume anayeingia kwenye mchanga mara kwa mara, anajikamua, analia na hatoi kitu, ameziba njia ya mkojo. Hofu yenyewe inaweza kuchochea tatizo hilo, na bila matibabu linaweza kumuua ndani ya siku moja au mbili.

Angalia chakula. Akipitisha saa 24 bila kula chochote, mpigie daktari au afisa mifugo wa kata. Paka asiyekula siku kadhaa, hasa mnene, mafuta hujikusanya kwenye ini na ini likashindwa kufanya kazi. Habari za "akisikia njaa atakula" kwa paka si za kutegemea.

Kama alipigana, tafuta uvimbe. Jeraha la jino la paka ni tundu dogo linalofunga haraka juu huku usaha ukikusanyika chini, na jipu hujitokeza siku 2 hadi 4 baadaye. Usimpe panadoli wala dawa yoyote ya binadamu ya kutuliza maumivu. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinatosha kumuua.

Onyo la mwisho hapa ni la binadamu. Paka aliyebadilika ghafla akawa mkali bila sababu, anatokwa udenda, anayumba, asishikwe. Funga mlango na umwite afisa mifugo. Ukiumwa au kukwaruzwa na paka yeyote asiye na chanjo ya kichaa cha mbwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mafanikio ya hatua hii: anapumua kawaida, anakojoa, anakula japo kidogo, na hana jeraha. Sasa unajua unashughulika na hofu.

Hatua ya 2: Punguza dunia yake iwe chumba kimoja

Nyumba nzima ni kubwa mno kwa paka aliyeogopa. Yeye huisoma nyumba kwa harufu, na kila mahali pasipo na harufu yake ni ugenini. Chumba kimoja anaweza kukijaza harufu yake ndani ya siku chache, halafu akatokea hapo kwenda kwingine.

Chagua chumba kilicho mbali na televisheni na jiko. Nyumba nyingi za vilimani, kama Igogo na Mabatini, zina vyumba vilivyo chini ya bati tupu bila siling bodi. Kama una chumba chochote chenye dari, tumia hicho, maana mvua ya kishindo juu ya bati ni kelele kubwa hata kwetu, na sikio la paka ni kali kuliko letu.

Ziba matundu kabla hujamwingiza: nyuma ya kabati, pengo la siling bodi, shimo la bomba ukutani. Kagua madirisha. Wavu wa mbu haumzuii paka, kucha zinaupasua mara moja, na akipata nafasi ya kupitisha kichwa kati ya nondo, mwili utafuata.

Kama tayari yuko uvunguni, usizibe uvungu akiwa ndani. Msukumie boksi la maficho (lile la hatua ya 3) hapo hapo alipo. Uvungu utauziba baadaye kwa masanduku, siku atakayotoka mwenyewe.

Weka choo kona moja, chakula kona nyingine, umbali wa mita 1.5 au zaidi. Paka hapendi kula karibu na choo, na akikosa nafasi huacha kimojawapo. Maji yasogezwe kidogo mbali na chakula.

Wanaoishi chumba kimoja wazibe kona iliyo mbali na mlango kwa pazia linalofika sakafuni. Nyuma ya pazia mna boksi na choo, mbele yake chakula. Inatosha kabisa, ila kila mtu wa nyumbani akubaliane kwamba nyuma ya pazia hapafunuliwi isipokuwa kusafisha mchanga.

Hatua ya 3: Mtengenezee maficho

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walichapisha mwaka 2014 utafiti juu ya paka wapya katika kituo cha kutunzia wanyama. Waliopewa maboksi ya kujificha walitulia mapema kuliko wasiopewa. Wenye paka wengi hudhani kwamba akipata maficho hatatoka kamwe. Kinachotokea ni kinyume: mwenye pa kukimbilia ndiye anayethubutu kutoka.

Lilaze boksi kwa upande wake mrefu. Kata mlango wa sentimita 17 kwa 20 kwenye ubavu mmoja, na tundu la pili la sentimita 15 upande mwingine. Matundu mawili ni lazima. Boksi lenye njia moja ni mtego, na paka analijua hilo mtu akisimama mbele yake.

Tandika blanketi lake ndani. Funika juu kwa kanga nzito, acha ncha ining'inie nusu ya mlango. Geuza mlango wa boksi uelekee ubavuni mwa chumba, usitazamane na mlango wa kuingilia, ili aweze kuchungulia bila kuonekana mwili wote.

Boksi la pili lipandishe juu, kwenye meza au kabati imara, kimo cha mita 1 hadi 1.5, na kiti au stuli ya kupandia. Baadhi ya paka hutulia chini, wengine juu. Akikuonyesha anapopenda, usibishane naye.

Sheria ya boksi, isiyo na ubaguzi: paka akiwa ndani, hakuna mkono unaoingia. Hata wa kumbembeleza, hata wa mtoto mwenye upendo, hata wa kumpa dawa. Mkono mmoja ukiingia, boksi hilo limekufa na itabidi utengeneze lingine mahali pengine.

Hatua ya 4: Siku 3 za kwanza, mwache

Hapa ndipo wenye huruma hushindwa. Kazi yako katika siku hizi ni chakula, maji, mchanga na ukimya.

Chagua mtu mmoja wa kuingia, awe yule anayemlisha siku zote. Aingie saa zile zile: saa 12 na nusu asubuhi na saa 1 jioni. Paka hukariri ratiba haraka, na akishajua nini kinatokea lini, mlango ukifunguka haumshtui tena.

Mlishaji akishaweka chakula aketi sakafuni dakika 15, mbali na boksi, ubavu ukielekea kwa paka. Asome, achambue mchele, aongee taratibu akitaka. Asimkazie macho, kwa sababu kwa paka kukodolewa ni kutishwa. Kusimama juu yake ni vibaya zaidi.

Watoto wapewe kazi nje ya chumba: kutengeneza kichezeo cha unyoya, kuandika kwenye daftari saa za kula. Mtoto mwenye kazi hagongi mlango.

*Chakula.* Harufu ndiyo inayomtoa paka mafichoni, na hapa kando ya ziwa tuna bahati ya dagaa. Chambua konzi moja, loweka dakika 10 mchanga utuame, suuza mara 2, kisha chemsha dakika 10. Bila chumvi, bila kitunguu maji, bila kitunguu saumu. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kwa hiyo mchuzi wa familia haumfai hata kama una samaki. Usimpe dagaa wabichi pia: baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na kuchemsha kunakiua. Mpe wakiwa vuguvugu, harufu imepanda.

Paka wa kilo 4 anahitaji takribani gramu 150 hadi 200 za samaki au nyama ya kuchemsha kwa siku, zigawe mara 2. Ugali usizidi robo ya bakuli. Samaki mtupu anafaa kwa siku hizi chache. Baada ya hapo changanya na kuku, yai la kuchemsha na maini kidogo. Maziwa achana nayo, paka wengi wakubwa huharisha, na paka mwenye hofu akiharisha anapungukiwa maji upesi.

Mafanikio: asubuhi unakuta bakuli imepungua na mchanga umefukuliwa. Huenda hujamwona kabisa. Andika kwenye daftari, ni maendeleo makubwa.

Hatua ya 5: Rudisha harufu yake

Paka ana tezi mashavuni na kidevuni zinazoacha harufu anapojisugua kwenye kiti au mguu wako. Harufu hiyo humwambia kwamba hapa ni kwake. Hatuisikii, kwa hiyo tunaifuta kila asubuhi tunapopiga deki.

Zungumza na dada wa kazi au yeyote anayefanya usafi: kwa wiki 2 chumba hicho kinapigwa deki kwa maji matupu au sabuni kidogo isiyonukia. Dawa kali za kuua vijidudu, zile zinazogeuka nyeupe zikiingia majini, ni sumu kwa paka anayelamba nyayo zake. Blanketi lake lisifuliwe hadi atulie.

Kisha eneza harufu yenyewe. Akiruhusu, msugue shavu taratibu kwa soksi ya pamba. Asiporuhusu, iache soksi kwenye matandiko yake usiku 2. Isugue kwenye miimo ya mlango, miguu ya kitanda na pembe za ukuta, kimo cha sentimita 15 hadi 20 kutoka sakafuni, yaani usawa wa pua yake. Rudia kila siku kwa wiki moja. Wakati huo huo weka fulana yako uliyoivaa karibu na boksi lake, ajifunze harufu yako bila wewe kuwepo.

*Akikojoa nje ya choo.* Hofu hufanya hivyo, wala si ukaidi. Usimpige, usimsugue pua kwenye mkojo: atajifunza kukojoa pale usipomwona. Kausha kwa kitambaa, mwagia maji baridi, kausha tena. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, acha dakika 15, halafu osha kwa sabuni ya unga na suuza. Usimwagie dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa sababu ikikutana na mkojo hutoa hewa yenye sumu. Akirudia mahali hapo hapo, sogeza beseni hapo kwa muda.

Hatua ya 6: Msogelee kwa kumwacha akusogelee

Anza hatua hii akiwa tayari anakula wewe ukiwa chumbani. Itachukua siku nyingi kuliko nyingine zote, nayo ndiyo yenye faida kubwa, kwa hiyo usiikimbize.

Keti sakafuni na dagaa wachache kiganjani. Rusha mmoja kwa mkono wa chini, mdogo mdogo, atue mita 2 kutoka kwako. Akitoka akamla, tulia. Usiseme "eeh, safi!", usicheze. Rusha mwingine pale pale.

Punguza umbali hivi: mita 2, kisha 1.5, kisha 1, kisha nusu mita, kisha kando ya goti, mwisho kiganjani. Shuka ngazi moja baada ya vipindi 3 vya kula bila kuruka wala kugeuka ghafla. Kipindi ni dakika 10, mara 2 kwa siku, kabla ya mlo na si baada. Akirudi nyuma siku moja, wewe nawe rudi ngazi moja. Kesho atasogea tena.

Macho yakikutana, fumba yako taratibu hadi yabaki mstari, kaa sekunde 2, fungua. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba paka hujibu ishara hiyo kwa kufumba nao, na humsogelea zaidi mtu aliyeifanya. Haina gharama na inafanya kazi hata ukiwa umbali wa chumba kizima.

*Mguso wa kwanza.* Nyoosha kidole kimoja, usawa wa pua yake, umbali wa sentimita 20, na usimame hapo. Akija kunusa na kusugua shavu, mkune shavuni au chini ya sikio kwa sekunde 3. Ondoa mkono. Akisogea tena, rudia. Akibaki palepale akitazama, basi kwa leo imetosha. Kule kuondoa mkono mapema ndiko kunakomfanya atake zaidi.

Usiguse tumbo, mkia wala mgongo karibu na mkia. Usimbebe. Dalili za kuacha mara moja ni hizi: mkia unapigapiga sakafu, masikio yanalala pembeni, ngozi ya mgongo inacheza, mboni za macho zimetanuka, ameganda hapumui vizuri. Wengi hudhani paka aliyeganda mikononi ametulia. Ameganda kwa hofu.

*Mchezo.* Fito yenye uzi na unyoya inamweka mbali na mkono wako huku mkicheza pamoja. Buruza unyoya sakafuni ukimkimbia, kama kiumbe kinachotaka kujificha, usimpelekee usoni. Dakika 5 zinatosha, mara 2 kwa siku. Mwache aushike mara kadhaa, kisha mpe chakula. Kuwinda, kukamata, kula, kujilamba na kulala ndiyo mfuatano wake wa asili, na paka anayeukamilisha hulala usingizi wa kweli. Ondoa uzi chumbani ukimaliza: akiumeza unaweza kumkata utumbo.

Mafanikio: mkia umesimama wima anapokuja, anajisugua kwenye goti, anajilamba mbele yako, analala ubavu nje ya boksi.

Hatua ya 7: Fungua nyumba kidogo kidogo

Chagua saa tulivu, watoto wakiwa wamelala. Fungua mlango wa chumba, usimwite. Dakika 30, chumba kimoja cha nyongeza tu, na mlango wa kurudi maboksini ubaki wazi muda wote. Fanya hivyo siku 3 mfululizo kabla ya kuongeza chumba kingine. Maboksi yabaki mwezi mzima hata kama hayatumii.

Nje ni suala jingine. Aliyehamishwa nyumba asitoke kabla ya wiki 3 hadi 4, na akitoka iwe kabla ya mlo, akiwa na njaa, wewe ukiwa mlangoni na bakuli. Usiku abaki ndani siku zote. Mwanza ina mbwa wanaozurura usiku, ina sumu ya panya mitaani, na inasikitisha kusema lakini wapo wanaomrushia mawe paka anayelia usiku kwa kudhani ni uchawi.

Hatua ya 8: Shughulikia kilichomtisha

*Radi na mvua.* Vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei ndiyo misimu ya kujiandaa. Wingu likianza kufunga upande wa ziwa, shusha pazia, ongeza blanketi juu ya boksi, kaa chumbani. Akikujia, mkumbatie, kumfariji hakumfundishi woga. Siku za kiangazi unaweza kumzoesha: cheza sauti ya radi kwenye simu kwa kiwango ambacho sikio lake linageuka lakini anaendelea kula. Dakika 5 kwa siku, ongeza kidogo kila baada ya siku 3. Akiacha kula, umeongeza mno.

*Muziki wa jirani.* Omba mapema, kwa adabu: "Shikamoo mama, samahani, Jumamosi mkiwa na sherehe naomba spika msizielekeze dirishani kwetu, tuna mnyama mgonjwa." Wengi huelewa wakiombwa kabla. Siku yenyewe mhamishie chumba cha upande wa pili mchana, kabla kelele hazijaanza.

*Mbwa wa nyumbani.* Wasikutane hadi hatua ya 7 imekamilika. Kwanza mpe paka matandiko ya mbwa, na mbwa ya paka, siku 5, kisha waonane kupitia mlango uliofunguka kidogo, mbwa akiwa kwenye kamba na ameshiba. Kabati au meza ya kupandia iwe tayari. Mbwa akikaza macho na kuacha kusikia jina lake, ondoa mbwa, paka mwache.

*Mtu.* Kama hofu ni ya mtu fulani, mtu huyo ndiye awe mlishaji kwa wiki 3, kwa mpangilio wa hatua ya 4 na ya 6.

Akitorokea kwenye mawe

Paka aliyetoroka kwa hofu mara nyingi hajaenda mbali. Amejibanza karibu, kimya, na hataitika hata akikusikia. Kwa nyumba za kando ya mawe makubwa ya Bugando au Isamilo, anza na nyufa zilizo karibu na mlango aliotokea, halafu panua duara nyumba kwa nyumba.

Usikusanye vijana kumi na tochi. Watamsukuma ndani zaidi. Nenda watu 2 kuanzia saa 4 usiku, au alfajiri kabla ya bodaboda kuanza kupita, mulika chini ya mawe ukitafuta macho yanayong'aa. Ukimwona, keti, fumba macho, rusha dagaa. Usiingize mkono kwenye ufa. Mbali na kuumwa, nyoka nao hukaa humo. Acha boksi lenye blanketi lake karibu na mlango wa nyumba na bakuli ya dagaa moto kando yake. Akirudi, anza tena hatua ya 2.

Wakati wa kumwona daktari wa mifugo

Wiki 3 zikipita bila ngazi hata moja kupungua kwenye hatua ya 6, au akianza kujilamba mpaka manyoya yanyonyoke, au akiacha choo kabisa, mwone daktari. Nenda na daftari: siku alizokula, alizokojoa, umbali aliofikia, kilichomshtua. Zipo dawa za kutuliza wasiwasi wa paka, lakini kipimo chake hutolewa na daktari baada ya kumpima, kamwe si kwa kubahatisha.

Kreti ikae chumbani wazi siku 3 kabla ya safari, blanketi ndani, apewe dagaa humo. Siku ya safari ifunike kwa kanga, panda bajaji badala ya bodaboda, ipakate mapajani ikiwa sawa. Kliniki ikiwa na mbwa, subirini nje na umwombe mhudumu awaite zamu yenu. Mkirudi, fungua kreti ndani ya chumba chake, mwekee maji na chakula, na umwache humo hadi asubuhi.